Tulikunywa sawasawa, shemeji akazima, mimi nikabaki mzima. Pombe inafanya nini hasa mwilini?

#1 KifuniKilegevu
Wakuu salaam.

Jumamosi nilikuwa na shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Umri mmoja, na kwa kilo hatupishani: mimi 75, yeye 74. Tulianza saa moja usiku, bia zilezile, chupa za nusu lita, asilimia 5, nne kwa nne. Saa nne kasoro shemeji kidevu kimegota kifuani, chupa ya mwisho tupu bado kaing'ang'ania kama mtu aliyekabidhiwa amana. Mimi nikaangalia mpira hadi mwisho, nikafunga milango, nikazima taa.

Asubuhi mambo yakageuka. Yeye saa kumi na mbili yuko bafuni anapiga mluzi. Mimi kichwa kinagonga, mwanga wa dirishani nauona kama umeletwa kunikomoa.

Msimamo wangu siku zote ni kwamba anayekaa na pombe bila kulewa ana ini imara, linaichoma haraka. Sasa kama ini langu ndilo imara, ya asubuhi yametoka wapi? Wenye kujua karibuni. Wa kunishauri niache, huo uzi upo kule mwingine.

#2 NipoNipo
Natandika mkeka hapa.

#3 Tone la Mwisho
Ini halihusiki. Ni tumbo. Wewe ulikula, yeye hakula. Pombe inanyonywa tumboni, likiwa tupu inaingia kwenye damu moja kwa moja. Kesi imefungwa.

#4 Mfamasia Kijana
Mkuu #3 usifunge kesi mapema. Tumboni inanyonywa sehemu ndogo, kama moja ya tano. Nyingine yote inanyonywa kwenye utumbo mwembamba, ambao una eneo kubwa mno na damu ya kutosha. Kwa hiyo swali si "tumbo lina kitu au halina", swali ni pombe imefika lini utumboni.

Hapo ndipo chakula kinapoingia. Tumbo lina mlango wake wa chini. Ukiwa umekula, ule mlango unabana ili kazi ya kusaga iishe, na pombe inasubiri humo humo ikitoka kidogo kidogo. Ukiwa hujala, inateleza tu kwenda utumboni, na ndani ya nusu saa hadi saa moja damu imefikia kilele. Halafu ukuta wa tumbo wenyewe una kimeng'enya kidogo kinachoanza kuivunja pombe kabla haijafika kwenye damu. Ikichelewa humo, inapunguzwa kidogo.

#5 Sinywi Sitaki
Kumbe hata pombe inapanga foleni. Mimi sinywi, nimekuja kusoma mnavyojitetea.

#6 ChumviKidogo
Na maziwa je? Marehemu mjomba alikuwa anaanza na glasi mbili za maziwa, anasema "nalipaka tumbo rangi" pombe isipenye.

#7 Mfamasia Kijana
Tumbo halipakwi rangi, pole kwa mjomba. Maziwa yanachelewesha kama chakula kingine chochote, basi. Ethanoli, yaani pombe yenyewe, ni molekuli ndogo inayochanganyika na maji bila shida, haihitaji kusagwa wala kubebwa, inapita ukutani yenyewe. Na kuchelewa si kupotea. Usichokisikia saa mbili utakisikia saa nne, ila kilele kinakuwa cha chini.

Kinyume chake ni gesi. Kilevi chenye mapovu mara nyingi kinaharakisha safari ya kutoka tumboni.

#8 KifuniKilegevu
Kwa kumbukumbu za mahakama: tulikula meza moja, saa moja. Hoja ya Tone la Mwisho naiweka pembeni.

#9 Nesi wa Zamu
Kaka Kifuni, lile dai lako la ini imara ndilo nimekuja kulibomoa, usinichukie.

Ini la mtu mzima mwenye afya linachoma gramu 7 au 8 hivi kwa saa, na halikimbii kwa sababu umelizidishia kazi. Vimeng'enya vinajaa mapema sana, ukishafika hapo ni kama uwanja wenye mlango mmoja: ndani wawe watu mia au elfu, wanaotoka kwa dakika ni walewale. Dawa nyingi ukiongeza kiasi, mwili nao unaongeza kasi ya kuzitoa. Pombe haiko hivyo.

Anayekunywa akabaki wima, mara nyingi si ini, ni ubongo uliozoea. Pombe inasukuma breki za ubongo (mfumo wa GABA) na wakati huohuo inanyamazisha upande wa mafuta (glutamati). Ukinywa kila siku, ubongo unajibu kwa kulegeza breki na kuongeza mafuta ili mambo yawe sawa. Unaonekana mzima. Damu ikipimwa, kiwango ni kilekile cha aliyelala sakafuni.

Nina kisa kimoja sikisahau. Mgonjwa aliletwa amevunjika mguu, mtu mtulivu, wodi nzima ilimpenda. Hakuna aliyemuuliza kama anakunywa. Siku ya pili jioni nikampa kikombe cha maji, akakishika kwa mikono miwili na bado maji yakaruka hadi kwenye shuka. Jasho linamtoka na feni imewashwa. Usiku wa manane akaanza kuokota wadudu kwenye shuka, mmoja mmoja, ananipa nikawatupe. Ubongo ulikuwa umelegeza breki kwa miaka, pombe ikakatwa ghafla, gari likaenda. Mtu anaweza kupata degedege na kufa hapo. Kwa hiyo mnywaji wa kila siku anayeanza kutetemeka akikosa, asiache peke yake nyumbani kwa ubabe. Aende akasaidiwe.

#10 NipoNipo
Wadudu tena. Navuta mkeka karibu na mlango.

#11 BabuMpole
Ujana wangu nilikuwa nalala wa mwisho, nawabeba wengine. Sasa nina miaka 66, chupa mbili tu wajukuu wananivua viatu. Nesi, hii ya kuzoea mbona kwangu imerudi nyuma?

#12 Nesi wa Zamu
Shikamoo babu. Ukizeeka maji mwilini yanapungua na misuli pia, pombe ileile inagawanywa kwenye maji machache. Ubongo nao unakuwa mwepesi kuyumba. Na ini likiwa limechoka kweli, uwezo unashuka. Dawa za presha au usingizi unatumia? Hizo nazo.

#13 BabuMpole
Marahaba. Natumia zote mbili. Naomba uzi uendelee.

#14 HesabuHazidanganyi
Mnapiga maneno bila namba. Kuna kanuni ya Widmark, Msweden, ya mwaka 1932, mpaka leo inatumika mahakamani. Unachukua gramu za pombe, unagawa kwa uzito mara 0.68 kwa mwanaume, 0.55 kwa mwanamke.

Chupa ya mililita 500, asilimia 5 ni 25. Mara nne ni gramu 100. Uzito 75 mara 0.68 ni 51. Gawa: kama miligramu 196 kwa kila mililita 100 za damu. Inashuka 15 kwa saa. Kuisha kabisa ni saa 13. Kifuni, ukianza saa moja usiku umesafika saa mbili asubuhi. Kichwa chako cha saa kumi na mbili kimeelezeka.

#15 Mkia wa Kipanga
Hesabu hazidanganyi ila mhesabu anateleza. Asilimia kwenye chupa ni ya ujazo, si ya uzito. Mililita 25 za pombe si gramu 25, pombe ni nyepesi kuliko maji: zidisha kwa 0.789. Chupa moja ni gramu 19.7, nne ni 79. Kilele cha kwenye karatasi ni 155 hivi, na kuisha ni kama saa 10 na dakika 20. Saa kumi na moja na kitu alfajiri alikuwa msafi.

Na hiyo 15 ni wastani. Watu wengi wako kati ya 10 na 25, mnywaji mkubwa anaweza kupita 30.

#16 HesabuHazidanganyi
Nimekubali. Nilihesabu nikiwa kazini.

#17 Tone la Mwisho
"Mnywaji mkubwa anaweza kupita 30." Si ndiyo Kifuni alichosema? Ini lililozoea linachoma haraka. Nesi umeliwa hapo.

#18 Mfamasia Kijana
Wote wawili wana kipande cha ukweli. Njia kuu ni hii: kimeng'enya cha kwanza, alkoholi dihaidrojenesi, kinaigeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu kali kuliko pombe yenyewe. Cha pili, ALDH2, kinaigeuza haraka kuwa asetati, jamii ya siki, na hiyo mwili unaichoma hadi inakuwa maji na hewa ya kaboni. Lakini kuna njia ya pembeni, CYP2E1, iliyoelezwa na Lieber na DeCarli mwaka 1968. Kwa mnywaji wa mara moja moja iko kama kibarua wa akiba. Kwa mnywaji wa kila siku inaongezeka. Kwa hiyo ndiyo, ini lake linaichoma haraka zaidi, lakini mabaki ya kazi hiyo yanalijeruhi lenyewe. Na njia hiyohiyo inageuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu, kwa hiyo mnywaji mkubwa anayemeza vidonge asubuhi bila kuhesabu anajichimbia.

Sijui kama hiyo unaweza kuiita "imara".

#19 Sinywi Sitaki
Ni kama kuajiri walinzi wanaokula mlango.

#20 MamaWawili
Mmepita kwenye ile 0.55 kama haipo. Mimi na mume wangu tuna uzito sawa (ndiyo, nimesema), tukinywa glasi sawa mimi natangulia kila mara. Kila mara anasema sina mazoezi.

#21 Mkia wa Kipanga
Mwambie ni maji. Pombe inakaa kwenye maji ya mwili, kwenye mafuta haiingii sana. Mwanamke kwa kawaida ana maji machache kwa kila kilo, kwa hiyo pombe ileile inakolea zaidi. Kuna utafiti wa 1990 uliosema pia kile kimeng'enya cha tumboni alichokitaja Mfamasia ni kichache kwa wanawake. Wengine wamebishana nao baadaye, lakini hoja ya maji haina mgogoro.

#22 Dereva wa Usiku
Mimi naongelea kuisha. Kazini kwetu tunapuliza kipimo kabla ya kukabidhiwa funguo. Siku moja nililala saa saba usiku, saa kumi na mbili asubuhi najiona mzima kabisa. Nimeoga maji ya baridi mpaka meno yakagongana, nimekunywa kahawa nyeusi vikombe viwili, nimekimbia nyumba hadi kituoni nitoke jasho. Nikapuliza. Namba ikapanda, ikasimama, msimamizi akaigeuza mashine kunionyesha bila kusema neno. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na siku hiyo haikulipwa.

Kahawa inakufungua macho tu. Unakuwa mlevi aliye macho.

#23 ChumviKidogo
Jasho halitoi?

#24 Nesi wa Zamu
Linatoa kiduchu. Jasho, pumzi na mkojo kwa pamoja ni asilimia 2 hadi 10. Nyingine yote ini, kwa saa yake. Kile kidogo cha kwenye pumzi ndicho kinachompata Dereva: mashine zinachukulia kwamba lita 2.1 za pumzi zina pombe sawa na mililita moja ya damu. Ila usipulize dakika hiyohiyo uliyosukutua dawa ya kinywa yenye pombe, itasoma mdomo badala ya damu. Ndiyo maana wanasubirisha dakika 15.

#25 Mchunguliaji
Tumesahau vinasaba. Nilisoma na jamaa mmoja kutoka Korea Kusini. Nusu glasi tu, anaanza shingo, masikio, uso mzima unakuwa mwekundu kama amepigwa vibao, moyo unamdunda mpaka fulana inacheza. Tulidhani ana mzio.

#26 Mfamasia Kijana
Huyo ALDH2 yake ni dhaifu. Ni jambo la kawaida sana Asia Mashariki, theluthi moja ya watu au zaidi katika baadhi ya nchi. Pombe inageuka asetaldehaidi vizuri, halafu asetaldehaidi inakwama. Wengi huona kama kero ya sura, kumbe wakilazimisha kunywa hatari yao ya saratani ya umio inapanda sana.

Cha kuchekesha ni kwamba watu walikuja kuitengeneza hali hiyo kwa makusudi. Hald na Jacobsen, Wadenmark wawili, walikuwa wanajaribu disulfiramu kama dawa ya minyoo, wakaimeza wenyewe kuona kama ni salama. Kila wakigusa kinywaji wanaugua. 1948 wakachapisha, ikawa dawa ya kumsaidia mlevi aache. Kuna hata uyoga mmoja mweusi, unaliwa bila tatizo, ila ukinywa pombe siku hiyo au ya pili yake unapata yaleyale.

Kifuni, mlikuwa wekundu?

#27 KifuniKilegevu
Ngozi yangu ikiiva wekundu mtajuaje. Hapana, hakuna moyo kudunda. Turudi kwangu. Mkia anasema saa kumi na moja alfajiri nilikuwa msafi. Mbona basi kichwa?

#28 Mkia wa Kipanga
Ndiyo utaratibu wake. Mning'inio, yaani hayo maumivu ya asubuhi baada ya kunywa, huwa mkali pale pombe inapokaribia kuisha, si inapokuwa nyingi. Kwa nini, hapo wataalamu hawajakubaliana.

#29 Tone la Mwisho
Maji. Pombe inazima ile homoni inayoziambia figo zibane maji, ndiyo maana ulikwenda chooni mara sita. Ubongo umekauka.

#30 Mchunguliaji
Mimi nakunywa lita ya maji kabla ya kulala na bado nagongwa. Kiu inaisha, kichwa kinabaki. Mimi naiamini asetaldehaidi.

#31 Mfamasia Kijana
Asetaldehaidi kwa mtu wa kawaida inaondolewa haraka, asubuhi haipo ya kutosha. Wengine wanasema ni kinga ya mwili, kwamba damu ya mwenye mning'inio ina kemikali zilezile za uvimbe unazopata ukiwa na mafua. Wengine wanasema ni usingizi: pombe inakulaza haraka, halafu nusu ya pili ya usiku inakuamsha amsha. Na wengine wanasema ni rangi. Vilevi vyeusi vina masazo mengi ya uchachushaji kuliko vyeupe, na kwenye majaribio watu waliamka vibaya zaidi. Ila kwa bia nne za kawaida, hiyo ya rangi haina nafasi kubwa hapa.

#32 HesabuHazidanganyi
Na kuchanganya? Si wanasema ukianza bia ukamalizia divai uko salama, ukigeuza umekwisha?

#33 Mkia wa Kipanga
Wajerumani walijaribu, matokeo yalitoka 2019. Watu 90, waliotanguliza bia, waliotanguliza divai, waliokaa na kimoja. Mning'inio haukutofautiana. Kilichotabiri ni jinsi mtu alivyojiona amelewa na kama alitapika.

#34 ShemejiMtuhumiwa
Habari zenu. Nimejisajili leo kwa ajili ya uzi huu tu, dada ndiye amenitumia.

Mimi ndiye mwenye kidevu. Naomba kurekebisha mambo matatu.
Moja, tulikaa meza moja kweli, lakini mimi nilikuwa nimetoka safari, sikuwa na hamu, nilimega mara mbili nikaacha. Tangu asubuhi sikuwa nimekula.
Mbili, usiku wa kuamkia siku hiyo nililala saa tatu tu, na jioni nilimeza kidonge cha mafua.
Tatu, shemeji, mwambie mwenyewe ulichofanya baada ya mimi kulala, kabla sijasema mimi.

#35 NipoNipo
Mkeka umewaka moto.

#36 Tone la Mwisho
HAKULA. Someni #3. Someni tena.

#37 Mfamasia Kijana
Kidonge cha mafua kipi? Vile vya zamani vyenye kuleta usingizi vinakandamiza ubongo upande uleule na pombe, viwili vikikutana si kujumlisha tu. Mtu anaweza kulala kwa kiwango ambacho siku nyingine angeimba.

#38 Nesi wa Zamu
Na saa tatu za usingizi ukaweka pembeni? Huyu hata kwa soda angelala. Tunajadili ini la Kifuni tangu juzi kumbe mshindani wake alikuja uwanjani na machela.

Nyongeza: mtu akizima hivyo mnamlaza ubavu, si chali, na mnamwangalia. Pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu huku amelala. "Amelala tu mwacheni" imeua watu.

#39 KifuniKilegevu
Sawa. Baada ya shemeji kulala, mpira ulikwenda muda wa nyongeza. Nilimimina kinywaji kikali kidogo. Cha kahawia. Vitone viwili, glasi ndogo, sikuona sababu ya kukitaja.

#40 Mkia wa Kipanga
"Tulikunywa sawasawa."

#41 MamaWawili
😂😂 Mwanaume na kipimo.

#42 HesabuHazidanganyi
Glasi ya mililita ngapi? Asilimia 40?

#43 KifuniKilegevu
Asilimia 40, ndiyo. Glasi kama mililita 30.

#44 HesabuHazidanganyi
Mbili za 30 ni mililita 60, pombe halisi 24, mara 0.789 (mwaona nimejifunza) ni gramu 19. Ni kama bia ya tano. Haibadilishi sana.

#45 Sinywi Sitaki
Swali la asiyejua: kitambi kinatoka wapi kama yote inachomwa?

#46 Nesi wa Zamu
Gramu moja ina kalori 7, karibu na mafuta yenye 9. Mwili hauna ghala la pombe, kwa hiyo unaichoma kwanza, na mafuta uliyokula yanawekwa kando. Kando yenyewe ni kiunoni.

Na kwa wenye kisukari wanaotumia insulini: ini likiwa na kazi ya pombe linasita kutengeneza sukari mpya. Usiku sukari inaweza kushuka sana, na mtu anayetetemeka na kuongea ovyo watu wanamdhania amelewa tu.

#47 BabuMpole
Nimewahi kusikia mtu analewa bila kunywa. Au ni walevi wanatafuta cheti?

#48 Mfamasia Kijana
Wapo kweli babu, ila ni nadra. Hamira zinaota kupita kiasi utumboni, wanga anaokula unachachuka humo humo. Wengi wameitwa waongo miaka mingi kabla ya kupimwa wakiwa wamefungiwa chumbani na chakula tu.

#49 Mchunguliaji
Na si sisi tu. Jeni ya kimoja kati ya vimeng'enya hivi ilibadilika kwa mababu zetu sisi na sokwe kama miaka milioni 10 iliyopita, uwezo wa kuvunja ethanoli ukaongezeka mara 40. Wanadhani ni kwa sababu ya kushuka chini ya miti na kuokota matunda yaliyochachuka.

#50 Sinywi Sitaki
Kumbe utetezi una miaka milioni 10.

#51 HesabuHazidanganyi
Kifuni, hiyo 30 umeipima au umeikadiria?

#52 KifuniKilegevu
Nimekadiria. Sasa hivi niko jikoni na kikombe cha kupimia. Subirini.

Glasi ina picha ya ua ubavuni. Maji hadi kwenye ua ni mililita 90.

#53 HesabuHazidanganyi
Mbili za 90 ni 180, pombe halisi 72, gramu 57 hivi. Karibu bia tatu zaidi. Jumla gramu 136. Gawa kwa 51: 267. Kuisha ni saa 17 na ushee. Saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa bado kwenye 100 na kitu. Ule haukuwa mning'inio kaka, ulikuwa bado umelewa.

#54 Tone la Mwisho
Lakini #28 kasema mning'inio huja pombe ikikaribia kuisha. Mia moja ndiyo kukaribia?

#55 Mkia wa Kipanga
Kanuni ya Widmark inachukulia yote imeingia kwa mkupuo. Yeye alikula, alikunywa kwa saa kadhaa, sehemu ilivunjwa njiani. Uhalisia uko chini ya hapo. Chini kiasi gani, bila kumpima damu siwezi kuapa. Na kinywaji cha kahawia sasa kinarudisha ile hoja ya rangi, #31 aliitupa mapema.

Halafu kuna Mellanby, 1919, kwa majaribio ya mbwa: kiwango kilekile kinakuyumbisha zaidi kikiwa kinapanda kuliko kikiwa kinashuka. Shemeji alipanda kwa kasi, tumbo tupu. Kifuni alipanda polepole. Hata bila kidonge.

#56 Nesi wa Zamu
Bila kidonge na akiwa amelala saa nane, asingezima. Siondoki hapo.

#57 Tone la Mwisho
Na mimi siondoki #3.

#58 ShemejiMtuhumiwa
Dada anauliza kama hilo ua ulijaza hadi chini yake au juu yake. Na anasema zilikuwa tatu.

#59 HesabuHazidanganyi
Nipeni dakika tano.

#60 Mfamasia Kijana
Shemeji, swali la #37 hujajibu. Kidonge kipi? Soma nyuma ya pakiti uniandikie jina.